Kompyuta Iliyobaki ya Saiba

Miraj alipofunga saiba yake, duka la intaneti ya kulipia kwa dakika, mjini Voi, aliziuza kompyuta zote isipokuwa moja. Hiyo aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani Kaloleni, akaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa. Kila mtu alikuwa na intaneti kwenye simu. Nani tena angepanga foleni kungoja kiti? Akafungua duka la vifaa vya simu, maisha yakaendelea.

Mwaka huu mkewe, Safaa, alipewa kazi ya kuandaa mitihani ya madrasa, akakitoa kile kitambaa. Mashine iliwaka kwa shida. Ungeteleka chai ikachemka kabla haijafunguka. Ikifunguka, vidirisha vinarukaruka: antivairasi mbili zinazogombana, michezo ya karata, programu za simu ambazo zenyewe hazipo tena duniani. Na baada ya muda kioo kinageuka cheusi, kinaandika: Muda wako umekwisha. Tafadhali muone mhudumu.

Jumapili moja alasiri Safaa aliita, "Mhudumu, niongeze muda. Nimo katikati ya swali."

Miraj alikuja akicheka. Safaa hakucheka. "Baba Rayhana, ziondoe hizi takataka. Nimekuomba tangu mwezi wa Shaaban."

"Si takataka. Ndizo zilizotulisha."

"Zilitulisha, alhamdulillahi. Sasa zinanizuia kazi."

Miraj akavuta kiti. Alianza na antivairasi, kisha karata, hizo hazikumuuma. Alipofika kwenye programu ya kuongea kwa video, mkono ulisita juu ya mausi.

"Hii alikuwa akiitumia Dinah."

"Dinah yupi?"

"Wa Mbololo. Mumewe alikuwa akifanya kazi Doha. Kila Jumamosi anakuja amevaa nguo ya kanisani, anakaa kiti cha ukutani. Mtandao ukikatika anabaki akikitazama kioo, machozi yanamtoka. Mimi na Ayub tulikuwa tukiwaomba wateja wengine waache kwanza kufungua picha, ili yeye asikike."

Akaifuta. Ikabaki ile ya kuhesabu muda, nayo ikadai neno la siri. Akajaribu hili na lile, yote yakakataliwa. Ikabidi ampigie Ayub, mdogo wake aliyeiendesha saiba pamoja naye, ambaye sasa ana duka Taveta.

"Wanitakia nini leo, kaka?"

"Nataka kuitoa ile programu ya muda. Shemejiyo kila mara anafungiwa, nayo yadai neno la siri."

"Ni fungamlango. Herufi ndogo, pamoja."

"Nani aliweka hilo?"

"Mimi. Ndilo ulilokuwa ukisema kutwa, vumbi lisiingie kwenye mashine. Nilidhani utalikumbuka."

Hapo mazungumzo yakafunguka. Wakamkumbuka msichana aliyelia mbele ya matokeo ya mtihani, babake akambembeleza akidhani amefeli, kumbe amefaulu. Wakamkumbuka mzee Kituku wa Mwatate, aliyetaka barua pepe yake imsalimie kila mjukuu kwa jina kabla ya kusema haja.

"Sijapata tena kazi tamu kama ile," Ayub alisema.

"Hata mimi." Maneno hayo Miraj hakuwahi kumwambia mtu. Siku za kuifunga saiba, walizungumza habari za wanunuzi wa kompyuta tu.

"Unaiondoa kabisa?"

"Naiondoa."

"Basi iondoe nami nipo."

Miraj aliilaza simu mezani, akaandika neno lile. Kidirisha kikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Mashine ilipowashwa upya ilifunguka upesi, kioo kitupu, kisafi. Safaa akarudi kitini pake. Miraj alibaki amesimama karibu, kama mwenye saiba anayengoja kuitwa.

"Na mumewe Dinah, alirudi?" Safaa aliuliza bila kugeuka.

"Alirudi. Wamejenga huko Mbololo. Nilikutana nao sokoni mwaka jana, Dinah akanisalimia kama mtu yeyote. Nadhani alinisahau."

"Au aliona haya. Ulimwona akilia mara ngapi?"

Miraj hakuwa amelifikiria hilo. Akaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akisikiliza vitufe vikilia chini ya vidole vya mkewe. Safaa aliandika mpaka adhana ya Magharibi, akahifadhi kazi yake, akaizima mashine mwenyewe.