Mzee Aliyenipa Mgongo Siku Niliponunua Cherehani

Nianze na haya: ilikuwa mchana, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Sasa nisikilize. Ukitaka kucheka, cheka tu, nimeshazoea.

Kwetu ni Isongole, kwenye viazi, ila nimeolewa Nkunga. Baba mkwe wangu sikumkuta. Alifariki kabla mwanawe hajanifahamu. Nilimkuta mama mkwe, bibi mfupi mwenye maneno mengi, na nikampenda tangu siku ya kwanza. Nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja ya marehemu, na mimi sikuuliza.

Nilichuma chai mpaka mgongo ukakataa. Daktari akaniambia kikapu basi, nitafute kazi ya kukaa. Kulikuwa na fundi mmoja aliyekubali kunifundisha kushona, mradi nije na cherehani yangu. Tukauza ng'ombe. Ng'ombe mwingine hatukuwa naye, kwa hiyo nikikosea kuchagua, ningerudi kwenye kikapu na mgongo wangu mbovu. Na cherehani nilikuwa sijui hata uzi unapitia wapi!

Siku hiyo Tukuyu mvua ilikuwa haina mchezo. Nilijifunika nailoni, nikaiacha mlangoni, nikaingia duka moja karibu na soko. Mbele zimepangwa mashine mpya, nyuma zile zilizotumika. Macho yangu yakanasa kwenye moja nyeupe ya umeme, ina vitufe vingi na maua ubavuni.

"Hiyo dada inashona mpaka urembo, yenyewe," akasema mwenye duka, mama mmoja mchangamfu. Akaenda kupokea simu. Mimi huku mkono umeshaingia kwenye pochi.

"Anayeanza haanzi na hiyo."

Nikageuka. Pembeni, kwenye mashine za zamani, alisimama mzee mwenye koti refu. Alikuwa amenipa mgongo, na mwavuli ameufungua humo humo ndani, ameuinamisha katikati yetu. Mwavuli mweusi, una kiraka cha kitenge cha njano, unachuruzika maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba kwa aliyesalimia," akauambia ukuta.

Niamini, nilitaka kucheka. Mtu gani huyu anaongea na ukuta? Lakini akaendelea, polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufundisha.

"Umeme wa Nkunga ukikatika atafanyaje? Achukue ya kukanyaga. Ile nyeusi. Azungushe gurudumu kwa mkono, asikilize. Ikigonga, aiache. Ikinong'ona, ni nzima."

Nkunga? Nani alimwambia natoka Nkunga? Ila mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye gurudumu. Ikanong'ona.

"Sasa apitishe kitambaa bila uzi, aone kama matundu yamenyooka. Kisha atie uzi, ashone, ageuze kitambaa atazame chini. Juu mashine zote zinajua kudanganya. Na aulize kama bobini zake za uzi wa chini zinapatikana hapa mjini."

Alinielekeza uzi unapopita bila kugeuka hata mara moja. Nikafanya yote. Matundu yalinyooka, na mshono wa chini ulikuwa safi kama wa juu. Moyo ukatulia. Nikajua ndiyo hiyo.

"Akifika nyumbani," mzee akasema, na sauti ikashuka, "amwambie mama yake kwamba..."

Hapo ndipo nilipoharibu. Shukrani ilikuwa imenijaa, nikaona ni aibu kumshukuru mtu kisogoni. Nikauzunguka mwavuli nimpe mkono, nimtazame usoni.

Mzee akajifunika uso kwa koti, akatoka mbio kama mtu aliyefumwa anaoga. Nikamfuata hadi mlangoni. Nje kulikuwa na mvua na ukungu, mtu hakuna.

"Kumbe dada ni fundi," mwenye duka akasema nyuma yangu. "Muda wote unajiuliza na kujijibu! Lakini hayo maji sakafuni umeyatoa wapi? Mwavuli huna."

Nililipa. Bodaboda akanifungia mashine, tukapanda hadi nyumbani.

Mama mkwe nilimkuta jikoni, nikamsimulia. Nilipofika pale mzee aliponipa mgongo, akaweka kikombe chini.

"Alikuita jina?"

"Hapana. Alikuwa ananisema tu, kama vile sipo."

"Mwavuli una kiraka?"

"Cha njano."

Akaingia stoo, akatoka na mwavuli uliokuwa umetundikwa humo tangu msiba. Kiraka cha njano. Na ulikuwa unachuruzika maji.

"Huyo ni mkweo, mwanangu," akasema. "Kwetu sisi, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawaitani jina. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Siku hizi ninyi mmeacha. Yeye hajaacha. Alikuwa fundi hapo Tukuyu. Cherehani yake tuliiuza alipougua, na picha nilizificha, zilikuwa zinaniliza." Akanitazama. "Alisema uniambie nini?"

Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

"Sijui, mama. Nilimkatisha. Nilikwenda kumtazama uso."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani umemkimbiza mkweo dukani! Taata, baba wa watu!" Akajifuta macho kwa khanga. "Nakijua alichotaka kusema. Nisikae nje jioni na baridi. Kila siku alisema, na kila siku sikumsikia." Halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye.

Kitu changu cha kwanza kushona kilikuwa koti la blanketi, la kwake. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Analivaa hadi kanisani, na ole wako ulicheke.

Cherehani nimeielekeza ukutani, mlango uko nyuma yangu. Mara nyingine, mvua ikinyesha na mimi napindisha mshono, nasikia maji yanadondoka sakafuni na mtu anakohoa kidogo. Nafumua, naanza upya. Sigeuki. Nauambia ukuta, "Ndaga fijo, baba," ahsante sana, naendelea kukanyaga.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua cherehani ya kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono na utazame mshono wa chini. Na akitokea mzee akakupa mgongo, akakusema kama vile hupo, nakuomba usimzunguke. Mwache amalize sentensi yake. Nyumbani kuna mtu anaisubiri.