Jiko la Kimo cha Kigoda

Mume wangu anakaa nje ya nyumba yetu hapa Tunduma, uso ameuelekeza barabarani, anasikiliza magari. Zamani alikuwa fundi wa kuchomelea. Malango mengi ya mtaa huu ni yake, na matela yaliyokatika yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, yeye ndiye aliyeyaunga. Majina ya madereva wale ninayo yote kichwani, hata ya wake zao waliokuwa wakipiga simu kuuliza wamekwama wapi. Sitayaandika. Wengi wameshalala, na walio hai hawakunituma niwaseme. Hata la mume wangu litabaki kwangu.

Alichomelea miaka yote hiyo kwa miwani ya jua. Ngao ya kufunika uso alikuwa nayo, lakini ilitundikwa ukutani ikafuga buibui. Nikimsema, ananijibu kwamba ndani yake kuna joto, na mtu hawezi kuvaa ndoo kichwani kutwa nzima.

Macho yake yalianza kupotea kwa pembeni. Nilijua kabla yake. Nikiweka kikombe cha chai upande wa kulia, anakipiga kiwiko kinamwagika. Kuku akikatiza, anashtuka kana kwamba ametoka chini ya ardhi. Mwisho tukaenda hospitali, wakasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, wakasema, ila kuna dawa ya matone itakayobakiza kilichobaki kwa muda. Kuchomelea, basi.

Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Mlowo, gari likasimama pale wanaponunua mazao, watu wanapakia magunia, ndipo akaniinamia.

"Mama, nataka nifanye kazi moja nzima. Niianze mwenyewe, niione imekwisha kwa macho yangu haya. Halafu mashine nitaiweka chini."

"Kazi gani?"

"Sijui. Itakuja."

Ikaja kweli. Lilikuwa basi dogo la abiria lililogeuzwa nyumba. Mwenye nalo alikuwa Mzambia, mstaafu wa mgodini, mtu mrefu mwenye mabega mapana, anasafiri na mkewe kwenda kumwona binti yao aliyeolewa Morogoro. Viti vyote waling'oa, wakaweka kitanda na kabati na jiko dogo la gesi, madirishani mapazia ya kitenge. Nililizunguka basi lile mara nyingi kwa kulishangaa. Watu wa umri wetu, wamefunga mlango wa nyumba yao wakaondoka nayo!

Yule bwana alichanganya Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, kama watu wa mpakani wanavyofanya. Akafungua buti la mizigo la ubavuni mwa basi, akamwonyesha mume wangu kwa mikono, akimwita babu kwa Kibemba.

"Bashikulu, nataka jiko la kuchomea nyama humu. La makaa. Nikivuta, litoke nje kama droo. Tukimaliza kula, lipoe, nilisukume ndani."

Jirani yetu alikuwa amesimama hapo. Naye ni fundi, alijifunzia kazi kwa mume wangu mpaka akafungua karakana yake mwenyewe, sasa ana ndevu na watoto. Akasema, "Baba, hiyo niachie mimi. Wewe kaa kivulini utupigie hadithi."

"Hadithi nitapiga siku ya kukuzika wewe," mume wangu akamjibu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana niliona ameushika mlango wa lile buti kwa mikono yote miwili, anatafuta ukingo wake.

Tukaanza. Nasema tukaanza kwa sababu kazi ile tuliifanya wawili. Aliingia ndani ya buti akalala chali, mimi nikakaa mlangoni na tochi. Mistari ya chaki nilimchorea minene, kama anayepaka ukuta chokaa. Akiweka chuma, mimi ndiye ninayetazama kama kimekaa.

"Kushoto," namwambia. "Kushoto kidogo."

"Kidogo cha chumvi au kidogo cha unga?"

"Cha chumvi."

Anasogeza upana wa ukucha. Nikisema cha unga, anasogeza upana wa kidole. Hivyo ndivyo tulivyopimana kazi nzima, na ile tepu yake ikabaki imejikunja mfukoni.

Hakutaka kuchomelea kwenye mwili wa basi, asije akaunguza rangi na nyaya. Alitoboa akafunga kwa bolti kwenye vyuma vya chini vinavyobeba basi lenyewe. Njia za kutelezea alizitengeneza kwa bomba la mraba ndani ya bomba jingine la mraba. Mara ya kwanza jiko lilikwama katikati, halitoki halirudi, kwa kuwa moto wa kuchomelea ulilipinda bomba la ndani. Akalitoa, akakaa nalo mapajani akilipiga tupa, anapitisha kidole, anapiga tena. Alipolirudisha na grisi lilitoka lote bila kelele. Akaweka na pini yenye mnyororo ya kulizuia, basi likipanda milima ya huku lisije likafunguka lenyewe njiani.

Likabaki suala la kimo, yaani ile miguu ya chuma inayolibeba jiko juu ya njia zile iwe na urefu gani. Akaniambia, "Leta kigoda chako cha jikoni. Kaa hapa. Sasa fanya kama unageuza nyama."

Nikanyoosha mkono. Akanishika kiwiko, akashuka nacho mpaka kwenye chuma, akatia alama hapo. Hakuna aliyefikiria lingine. Mimi nimepika nimekaa tangu nilipoweza kushika mwiko, mama yangu kule Hasamba alipika amekaa, na mume wangu hajawahi kuona chakula cha nyumbani kikipikwa na mtu aliyesimama.

Siku ya kukabidhi, yule Mzambia alivuta mkono wa jiko. Likatoka laini, likasimama usawa wa magoti yake. Akalitazama. Akajitazama na yeye, kutoka juu mpaka chini.

Jirani akaangua kicheko. "Baba, jiko hili la kuchomea sisimizi? Mteja wako ni twiga!"

"Kwetu nyama anachoma mwanaume," Mzambia akasema taratibu, kwa heshima, "na anachoma amesimama."

"Hukuniambia," mume wangu akasema. "Nilijua anapika mama."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Nitalipandisha," akasema, "nipe siku chache." Mimi peke yangu nilijua kwamba siku hizo hazipo. Ile tupa ilikuwa imemmaliza. Asubuhi ile alikuwa amenyoosha mkono kuchukua shati kwenye kamba akashika hewa, na tochi ya ndani ya buti alianza kuniambia niiwashe wakati inawaka.

Ndipo mke wa Mzambia akashuka kwenye basi. Alishuka kwa ubavu, ameshikilia mlango, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Alikiona kigoda changu pale chini, akajishusha juu yake pole pole huku mumewe akimshika bega. Akavuta jiko. Mkono wake ukatua juu ya wavu kama ulikuwa umewekewa hapo. Akalirudisha, akalivuta tena. Kisha akamwambia mumewe kwa Kibemba, "Leka." Kibemba cha sokoni ninakijua. Alimwambia aliache.

Akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kibemba. "Mayo, tangu tuingie kwenye hii nyumba ya magurudumu sijapika. Jiko la gesi liko juu, miguu haisimami. Huyu ananilisha mayai tu. Asubuhi mayai, jioni mayai. Karibu nitaanza kutaga."

Tulicheka, na mume wangu akacheka kuliko wote. Mchana ule yule mama akawasha makaa, akatuchomea samaki na mahindi mabichi, amekaa, kitenge kimebana magotini, anampigia mumewe kelele alete chumvi, alete maji, asisimame kwenye moshi. Mume wangu alijivuta karibu kabisa, karibu aunguze ndevu, akitazama jiko linavyofanya kazi. Kigoda nilimpa yule mama aende nacho.

Walipoondoka mume wangu aliviringisha nyaya za mashine. "Nimeiona imekwisha," akasema.

Mvua zilizofuata, giza likamfunga mume wangu kabisa. Tangu hapo kazi yake ni kukaa nje. Likipita gari lenye mlio wa kufanana ananiita, "Mama, hilo ni lile?" Namwambia hapana, ni lori. Ni basi la wanafunzi. Ni gari la maji. Wakati mwingine, tukiwa tunakula, anasema tu, "Saa hizi yule mama atakuwa anageuza samaki." Na mimi naitikia, ndiyo, atakuwa anageuza. Mtu asiyeona chochote, kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa anakiona kila siku. Jiko lake limevutwa, mwanamke amekaa mbele yake.

Kiangazi kilichopita basi likaja. Alilijua yeye kabla yangu, akasimama. Mimi nikatoka jikoni na mikono ya unga. Mzambia alishuka peke yake. Nikasubiri mlango wa pili ufunguke, nisikie sauti ya mkewe ikilalamika kuhusu miguu. Mzambia akanyoosha mkono kuniletea kitu, nikaona ni kigoda changu.

"Mayo," akasema.

Nililia palepale barabarani. Mume wangu akauliza, "Ni nini? Mama, ni nini?" Nikamwekea kigoda mikononi, akajua. Akamtafuta yule bwana kwa mikono mpaka akamshika, wakasimama hivyo. Kigoda hicho ndicho nilichokikalia nikiandika.

Tulikaa naye ndani, tukampa pole. Ugali aliumega mara moja tu. Ndipo akasema kilichomleta. Tangu alipomzika mkewe hakulivuta lile jiko. Halafu siku moja alijaribu, akakaa chini kama alivyokuwa akikaa mkewe, magoti yake yaliyoumia mgodini yakagoma, akashindwa kusimama, akabaki pale kando ya barabara mpaka wapita njia wakamwinua. Anataka kuendelea kusafiri, nyumba ya kwao haikaliki. Anataka jiko lipande juu.

"Mafundi wako wengi njiani," akasema. "Ila nilishindwa kumwambia mtu mwingine alikate. Nimekuja kukuomba, Bashikulu. Ukisema hapana, nitaondoka nalo hivyo hivyo."

Mimi nilitaka aseme hapana. Niseme ukweli. Moyoni nilisema, muachie mzee wangu kitu kimoja anachokiona. Lakini jambo halikuwa langu.

Mume wangu aliutafuta ugali kwa mkono, akausogeza mbele ya mgeni. "Mtu akae na njaa kwa ajili ya jiko langu?" akasema. "Mama, kamwite jirani."

Jirani alikuja na grenda yake. Alipoambiwa, alivua kofia. Mzaha wake wote haukuonekana. "Baba, nifanyeje?"

"Kata miguu yake tu, uiongezee. Njia za kutelezea usiziguse."

"Sitazigusa, Baba."

Grenda ikaanza kulia. Nilimkalisha mume wangu pembeni, nikadhani ataziba masikio. Alikuwa ameelekeza uso kulekule kwenye sauti.

"Cheche zina rangi gani?" akaniuliza.

"Za njano."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Tulitumia chuma kizuri," akasema.

Jioni jirani akasema tayari. Mzambia hakulivuta. Alisema aanze Bashikulu. Nikamwongoza mume wangu mpaka ubavuni mwa basi, nikamwachia, kwa sababu aliniondoa mkono. Alijua njia. Akainama kama tulivyokuwa tukiinama siku zile, akanyoosha mkono pale alipoliacha jiko lake. Mkono ukaingia kwenye hewa. Akautafuta upande huu na upande huu. Uso wake nikiukumbuka silali vizuri.

"Wamelitoa?"

"Halijatolewa. Liko juu."

"Kidogo cha chumvi?"

"Hapana, Mzee. Zaidi ya unga."

Akanyooka. Mkono ukapanda ukigusa bati la basi njia nzima mpaka ukakuta chuma. Akavuta. Likatoka lote, laini, bila kelele, kama siku ya kwanza. Akasikiliza mpaka likagota mwisho.

"Limekaa sawa," akamwambia jirani. Jirani akasema asante, akaenda kusimama nyuma ya basi.

Mume wangu akabaki amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja juu ya wavu. Ule mwingine akaushusha pole pole, akaufungua, akauacha pale chini, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi.