"Sorry" yangu ilivyotaka kumharibia msimu binti wa kuteleza kwenye barafu (Dubai, 2008)

Wakuu, salaam zenu wote: wa bara, wa visiwani, majirani zetu wa Kenya, na nyie mlioko huku kwa Waarabu mnaopambana na arbab, yaani bosi.

Kisa hiki ni cha kweli na kilinikuta mwenyewe. Najua kuna watu humu wanaandika "chai" kabla hawajamaliza aya ya kwanza. Nyie pumzikeni kidogo, wengine tuendelee.

Mwaka 2008 nilikuwa Dubai, nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu ndani ya mall moja. Ndiyo, barafu. Nje joto linakuchubua, ndani sisi tumevaa majaketi na kofia za sufu tunatetemeka.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Barafu niliyokuwa naijua ni ile ya ubuyu inayogandishwa kwenye vifuko vya nailoni, tunanunua shuleni wakati wa mapumziko.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha ile mashine kubwa inayokwangua barafu na kuimwagia maji igande upya iwe laini. Watoto walikuwa wananipungia mikono kama naendesha treni. Nilikuwa najisikia bwana, nisiwadanganye.

Sasa kwa msiojua, mchezo wa kuteleza kwenye barafu una msimu wake kama mpira. Mashindano yanapigwa huko Ulaya wakati wa baridi. Kiangazi ndiyo off-season.

Na off-season ya hawa watu ina umbea kuliko dirisha la usajili la timu zetu za Kariakoo. Huyu kahama kocha, yule kabadilisha muziki, yule kaachana na mwenzake waliyekuwa wanacheza wawili wawili, yule kastaafu kumbe hajastaafu.

Haya yote nilifundishwa na Lena.

Lena alikuwa binti wa nchi moja ndogo ya Ulaya Mashariki, siitaji. Alikuja asubuhi moja kabla mall haijafunguliwa, yeye na kocha wake, mama mmoja mtu mzima, mfupi, ana koti refu na uso ambao haujawahi kusikia kichekesho. Sisi tulimwita Madam Kocha.

Msiwaone wazungu mkadhani wote wana hela. Hawa walikuwa wanalala mtaa wa Discovery Gardens, kwenye chumba cha dada yake Lena aliyekuwa anafanya kazi hotelini. Kocha kitandani na huyo dada, Lena chini kwenye godoro. Kila asubuhi wanavuka mji mzima na begi la viatu vya kutelezea mgongoni.

Kilichomleta ni hiki. Msimu uliopita aliumia kifundo cha mguu, na toka hapo ukampotea ule mruko wake mkubwa, wa kupaa na kuzunguka mara tatu hewani ndipo utue kwa mguu mmoja. Wenyewe wanaita triple.

Bila triple, chama chao hakimtaki kwenye timu. Walimwambia mwisho wa kiangazi aje aonyeshe kama anayo. Akiwa nayo, sawa. Asipokuwa nayo, nafasi anapewa binti mwingine na yeye khalas, safari imeishia hapo.

Na kwao uwanja wa barafu ulikuwa umefungwa kwa matengenezo kiangazi chote. Kwa hiyo barafu pekee aliyokuwa nayo duniani ni ile niliyokuwa naikwangua mimi.

Alinionyesha siku moja kwenye kompyuta ya ofisini, watu wa huko kwao wanaandika kwamba Lena kastaafu. Mwingine anasema kaolewa na tajiri wa Kiarabu, ndiyo maana yuko Dubai. Akacheka sana. Mkononi ana mkate na yai la kuchemsha, ndiyo lunch ya mke wa tajiri hiyo.

Wakuu, yule binti alikuwa anaanguka.

Sijawahi kuona mtu anaanguka vile kwa hiari yake. Anakuja kasi, anapaa, pwaa! Nyonga kwenye barafu. Mlio wake unausikia mpaka kaunta ya viatu. Anainuka, anapangusa barafu kwenye suruali, anazunguka, anarudi palepale. Pwaa!

Mimi ningeanguka mara moja tu ningeomba likizo ya ugonjwa.

Sasa mimi nasimama pembeni na mashine yangu nikisubiri zamu, na malezi yangu nyie mnayajua. Mtu akianguka mbele yako utakaa kimya? Wewe ni mchawi?

Kwa hiyo kila akianguka, mimi napaza sauti: "Sorry, madam!"

Anaanguka tena. "Sorry, madam!" Tena. "Oh, sorry sorry sorry!"

Nikajiona nina adabu kweli. Moyoni najua nampa pole, ila Kiingereza changu ndicho kilikuwa kinatafsiri hivyo. Hata mwenzangu Athumani, kijana wa Mombasa aliyekuwa anagawa viatu kaunta, naye alikuwa akisikia kishindo anadakia kulekule aliko, "Sorry!"

Nikaanza kuona mambo mawili. La kwanza, Madam Kocha alianza kunitazama. Sio kunitazama kwa wema, kunitazama kama mwenye duka anavyomtazama mtu aliyevaa koti kubwa.

La pili ndilo lililoniuma baadaye. Lena alianza kuogopa. Kabla ya kuruka anainamisha macho anakagua barafu. Anakata mwendo. Anaruka nusu nusu. Badala ya kuzunguka mara tatu anazunguka mara moja anatua kama kuku. Nikasema moyoni, maskini, mguu unamsumbua.

Asubuhi moja sir akaniita. Sir alikuwa supervisor wetu, Mhindi wa Kerala, mtu mwema ila mwenye presha. Nafika pembeni ya uwanja nakuta Madam Kocha amesimama na begi limefungwa, Lena amekaa kwenye benchi, viatu ameshavua, macho mekundu.

Sir akaniuliza, "Umefanya nini kwenye barafu?"

Nikamwambia, "Sijafanya kitu, sir. Nimekwangua kama siku zote."

Madam Kocha akaingilia kwa Kiingereza chake cha kuvunjavunja. "Kila akianguka, huyu anasema sorry. Kila siku. Mtu wa barafu anaomba msamaha, maana yake anajua barafu ni mbovu. Mimi siwezi kumvunja mtoto wangu mguu wa pili. Tunaondoka leo."

Wakuu, nilitoka kapa.

Kumbe siku zote zile, kila nilipompa pole, yeye anasikia nakiri kosa! Na Lena amesikia hivyohivyo. Ndiyo maana anakagua barafu. Mtu unataka kupaa hewani na mwenye barafu amesimama pembeni anakuomba msamaha mapema, utaruka kweli?

Nikaona viwili vinapotea kwa mpigo, visa yangu na triple ya mtoto wa watu. Akiondoka leo, hana barafu nyingine mpaka siku ya kuitwa. Ndiyo basi tena.

"Wewe ulimwangusha?" sir akauliza.

"Hapana, sir."

"Sasa sorry ya nini?"

"Kwa sababu ameanguka, sir."

"Ndiyo, lakini wewe hukumwangusha."

"Hapana, sir."

"Sasa sorry ya nini?!"

Tukazunguka hapo kama watu wawili wanaotafuta mlango wa chumba cha duara. Kiingereza kikaniishia. Jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Athumani akaona mwenzake nazama, akaruka kaunta akaja. Akaninong'oneza, "Nyamaza wewe, wazidi kujitia mashakani. Wacha nimweleze mimi."

Akamweleza Madam Kocha vizuri tu. Kwamba kwetu mtu akijikwaa, hata aliye ng'ambo ya barabara humpa pole. Kwamba si kukiri kosa, ni kumwambia tu kuwa nimekuona umeumia na sikufurahia.

Madam Kocha akatikisa kichwa. Haamini. Akasema watu hawaombi msamaha bure. Akabeba begi.

Sir naye kwa hasira akageuka kuondoka, akasahau kale kamlango ka kuingilia uwanjani. Goti likagonga chuma, koh!

Mimi: "Sorry, sir!"

Athumani: "Sorry, sir!"

Na kule juu kabisa kwenye viti vya watazamaji, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama kuna mtu, dada Agnes wa Bukoba alikuwa anadeki. Yule dada hajui kinachoendelea, hajui kesi, ameona tu mtu kagonga goti. Akainuka na dekio lake akapaza sauti mpaka ukumbi mzima ukavuma: "Oooh, sorry sir! Sorry sana!"

Madam Kocha akamtazama Agnes kule juu. Akanitazama mimi. Akamtazama sir ameshika goti. Akatazama tena umbali kutoka goti la sir mpaka kwa Agnes.

Halafu yule mama akacheka. Wakuu, akacheka mpaka akakaa juu ya begi! Lena naye akaanza, anacheka huku anajifuta machozi. Sir peke yake ndiye hakuona cha kuchekesha, na Agnes kule juu anauliza kwa Kiswahili, "Jamani, nimefanya nini?"

Lena alipotulia akaniuliza, kwenu mnasemaje hasa, kwa lugha yenu wenyewe.

Nikamwambia, "Pole."

Akalijaribu. "Po-le." Akauliza, na aliyeanguka anajibu nini?

Wallahi hilo swali sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikamwambia, "Anajibu asante."

Akarudia kama anaonja chakula kigeni. Akaanza kufunga viatu. Madam Kocha akafungua begi akatoa kanda ya muziki.

Kuanzia siku hiyo, "sorry" ikafutwa pale uwanjani. Lena akianguka, pwaa, sisi wote: "Poleee!" Naye huku chini kwenye barafu, bado hajainuka, anajibu: "Asante!" Akaacha kukagua barafu. Akarudisha ule mwendo wake.

Msije mkadhani triple ilirudi siku hiyohiyo kama sinema. Wapi! Alianguka karibu kiangazi chote. Nimeona ile nyonga siku anajipaka dawa, ina rangi ya zambarau zilizoiva. Nilikuwa namuuliza, hivi huchoki? Anasema anachoka sana, ila kuamka kesho yake bila kwenda kujaribu ndiko kunakomtisha zaidi.

Mimi hapo nikamvulia kofia. Mtu analala chini kwenye godoro la kuazima, kwao wanamwandika kastaafu, na bado asubuhi yuko mlangoni kabla yetu, ananawa uso kwa maji ya chupa.

Ikaja asubuhi moja ya kawaida tu. Nimemaliza kukwangua, nimeegesha mashine. Lena akaja kasi, akapaa, akazunguka. Mimi mdomo nimeshaufungua kwa ajili ya "pole".

Akatua.

Mguu mmoja, mikono imetanuka, anateleza kinyumenyume taratibu kama hajafanya kitu. "Pole" ikanikwama kooni. Agnes akatupa dekio akapiga kigelegele cha Kihaya mpaka walinzi wa mall wakaja mbio kuuliza kuna nini.

Madam Kocha aligeukia ukuta. Tulijifanya hatumuoni.

Walirudi kwao. Baada ya muda dada yake akapita kazini kutuambia: amechukuliwa kwenye timu.

Sasa wakuu, hapa ndipo nilipowaitia.

Wakati wa baridi, Ijumaa moja mchana, tuko kwenye nyumba ya wafanyakazi Al Qusais, tumepika pilau. Athumani anachezea rimoti ya dishi, akapiga ukelele: "Njooni mwone! Si huyu mwenetu?"

Lena! Nguo ya bluu, nywele zimebanwa, watu wamejaa uwanja mzima. Tukakusanyika chumba kizima, Watanzania, Wakenya, hata Waganda wa chumba cha jirani ambao hawamjui, sahani mkononi.

Muziki ukaanza. Mruko wa kwanza, ule mdogo ambao kwetu alikuwa anauruka huku anapiga stori, akaanguka. Pwaa.

Chumba kizima, bila kuambizana: "Poleee!"

Kamera ilikuwa usoni kwake. Alikuwa anainuka, ameweka mkono kwenye barafu, na midomo yake ikasema kitu.

Athumani akanishika bega. "Umeona?"

Nimeona. Alisema asante.

Kuna jamaa mmoja pale alibisha, akasema huenda alikuwa anatukana kwa kikwao. Tulimnyang'anya sahani ya pilau. Mimi naijua ile midomo ilivyokuwa inalisema lile neno, kiangazi kizima nililisikia.

Akaenda kasi akaruka triple. Akatua safi kabisa. Hakupata medali, aliishia katikati huko, wala sikumbuki nafasi ya ngapi. Mimi nililia mbele za watu na sijutii.

Nilichojifunza ni kwamba lugha ya watu unaweza kuibeba ukaiweka adabu ya kwenu ndani yake, na mwenzako akasikia kitu kingine kabisa. Usinune. Mweleze, na kama yupo dada Agnes karibu, mshukuru Mungu. La pili nililichukua kwa Lena. Kuanguka hakumtii mtu aibu, na anayekupa pole hakudharau. Mjibu, uinuke, kazi iendelee.

Nyie mlioko ughaibuni, neno gani la nyumbani liliwahi kuwaingiza kwenye kesi? Tiririkeni hapo chini. Wa "chai" nanyi karibuni, sukari mje nayo.

Na wewe unayesoma hapa, mwaka huu umepiga nyonga chini na hujamwambia mtu: pole.

Jibu unalijua.