Uji Uliokataa Kuwa Pombe

Dada yangu aliolewa upande mkavu wa mlima, kule Oldonyo Sambu, ambako mgomba ukipandwa asubuhi unakufa kwa aibu kabla ya saa sita. Sisi kwetu ni upande wa pili wa Meru, wa kahawa, migomba na mifereji, ambako hata fimbo ya mzee ikisahaulika nje inachipua. Kwa hiyo dada alijua mambo ya kwetu, akaenda kuishi mahali ambapo mambo ya kwetu hayakufaa kitu.

Mume wake alikufa kwa homa. Mchungaji alimzika vizuri na nyimbo zikaimbwa, ila ukoo wa marehemu ulikuwa na neno lake baada ya hapo. Mjane alitakiwa kutoa pombe ya kumaliza msiba. Kaka mkubwa wa marehemu angeionja, angemwaga kidogo kizingitini, na tangu hapo mjane angekaa na nyumba yake na watoto wake bila kuulizwa na mtu. Asipomwaga, nyumba, shamba na watoto vinabaki kwa ukoo, naye mjane anafungasha kurudi alikotoka. Serikali ya Mwingereza haikuwa na habari na jambo hilo, maadamu kodi ya kichwa imelipwa.

Zamani ilitosha pombe ya ndizi na ulezi. Lakini shemeji huyu mkubwa alikuwa amekwisha kuonja piwa, ile pombe kali ambayo wengine huiita gongo.

"Pombe ya ndizi ni maji ya kunawia," alimwambia dada. "Ndugu yangu alikuwa dume. Mimi nataka ya moto."

"Shemeji, hiyo ukikamatwa nayo ni jela."

"Kwani nimekwambia ukamatwe?"

Dada akanitumia ujumbe. Mimi wakati huo nilikuwa nafagia gereji ya Mhindi mmoja mjini Arusha, na nilikuwa nimetoka tu kuhitimu shule ya jioni, kwa ufaulu ambao, nikieleza sawasawa, uliwafanya walimu wakumbatiane. Nikaomba bomba la shaba la lori bovu, fundi akakubali kwa nusu mdomo, nami nikaondoka nalo kabla ya nusu ya pili kufunguka. Nililizungusha kiunoni chini ya koti. Njia nzima nilitembea wima kama gavana anayekagua gwaride.

Pipa tulipata kwa jirani, la mafuta ya taa. Tulilisugua kwa majivu na mchanga mpaka viganja vyangu vikawa laini kama vya bwana shauri wa serikali, na bado lilinuka mafuta. Mfuniko haukukaa. Tuliuziba pembeni kwa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, tukatoboa tundu la bomba na kulifunga kwa matambara. Kwa kulitazama tu, ungedhani kifaru amepigwa bandeji.

Lakini pipa halikuwa shida ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa uji.

Huko hakuna ndizi, kwa hiyo dada aliamua kutumia mahindi. Alilowesha ulezi, akaufunika kwenye gunia mpaka ukaota vijimizizi, akauanika, akausaga. Hicho ndicho kimea. Kisha akafanya kama alivyofundishwa na mama, na mama na bibi, na bibi na mlima wenyewe: akapika uji mzito wa mahindi, akatia kimea humo humo jikoni, akauacha uchemke pamoja nacho kwa muda mrefu, akaupoza na kuufunika.

Tukasubiri uwe mtamu. Haukuwa. Tukasubiri utoe povu. Ulitulia kama mtu aliyetukanwa. Mwishowe ukachacha, ukanuka kama soksi za jeshi zima, na ukabaki mzito vile vile, mwiko unasimama katikati. Mahindi yale yalikuwa ya kula mpaka mavuno. Siku ya ukoo kuja kuonja ilikuwa imekaribia, na dada akaanza kuwapunguzia watoto chakula ili abakize ya kujaribu tena. Wakubwa walielewa. Mdogo hakuelewa, akawa analia mpaka anachoka.

Asubuhi moja mdogo huyo alikataa uji wake. Ulikuwa umeshaanza kupoa. Dada akakung'utia humo unga wa kimea uliobaki chini ya mfuko, ili upate ladha, akaufunika na kuuacha kando ya mafiga. Kufika mchana uji ule mzito ulikuwa umelegea kama maziwa. Mtoto akanywa, akalamba kibuyu.

"Yeyo, umetia asali?" alimwuliza mama yake.

Dada akachovya kidole. Akachovya tena. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi.

"Tulikiua," akasema.

"Tulikiua nini?"

"Kimea. Tulikichemsha kikafa. Kwetu utamu ni wa ndizi, kimea kichemke kisichemke nani angejua? Huku uji hauna kingine cha kuutia utamu ila chenyewe."

Nikamwambia kwamba kwa uvumbuzi huo Malkia angempa nishani. Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka katika nyumba ile.

Basi tukapika tena, mahindi yote yaliyobaki. Safari hii tulisubiri mpaka uji upoe ubaki na moto ambao kidole kinavumilia huku kikinung'unika, ndipo kimea kikaingia. Uji ukayeyuka, ukawa mtamu, na kesho yake ukaanza kupumua chini ya kifuniko. Nilitaka kuupigia saluti.

Siku ya kukanza, yaani kuichemsha pombe ili mvuke wake upoe bombani uwe piwa, tuliwasha moto alfajiri, ukungu ukiwa bado umeshuka kutoka mlimani, ili moshi wetu ujifiche ndani yake. Nikamuuliza dada kama tuchuje kwanza.

"Wewe! Pombe ya heshima inachujwa? Unataka waseme nimewapa maji?"

Alisema kweli ya kwetu. Pombe ya ndizi hunywewa na machicha yake, na unene wake ndio heshima ya mgeni. Kwa hiyo tukamwaga yote ndani ya pipa, machicha na kila kitu. Bati la chini lilikuwa jembamba, moto ulikuwa mkali, na machicha yakatulia kwenye kitako na kushika. Hatukuona kitu. Tulinusa.

"Dada, inaungua."

"Nyamaza. Ongeza maji."

Maji nayo yalikuwa kesi nyingine. Kwetu ungelilaza bomba ndani ya mfereji, na mlima ungekupozea bure. Hapa tulilipitisha kwenye hori la mbao, na maji yalitoka mbali kwa mgongo wa punda. Kila tulipojaza hori yalipata moto, na badala ya pombe mdomo wa bomba ukawa unatema mvuke tu. Piwa yetu ilikuwa inaenda mbinguni huku tukiitazama. Dada akamwaga humo maji ya ndama, kisha akamwaga maji ya kunywa ya watoto. Kilichopatikana kilijaza mtungi mmoja mdogo, na kilinuka kama chungu kilichosahauliwa motoni.

Shemeji mkubwa alikuja na wazee wa ukoo, wakaketi mbele ya nyumba. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikijitahidi kuwa mchangamfu kama kengele ya Jumapili. Dada alipiga magoti, akampa shemeji kikombe kwa mikono miwili.

Akanusa. Akanywa.

"Imeungua hii, mama watoto."

"Ni machicha, shemeji. Lakini kali ni kali."

"Kali ni kali," alikubali, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Wakanywa wote. Walisifia ukali wake, wakakohoa, mmoja akaimba. Mimi nilikuwa natazama mkono wa shemeji na kizingiti tu, na dada pia, bado kapiga magoti. Mtungi ulipobinuliwa mara ya mwisho, shemeji alimaliza kilichokuwa kikombeni mwake, akakipindua magotini.

"Shemeji, hujamwaga," dada alisema.

"Nimmwagie ndugu yangu kitu kilichoungua? Atanijia usiku."

"Mmekunywa yote."

"Sisi ni wazima. Sisi tunavumilia."

Wazee wakacheka. Hakuna aliyeona kwamba lile si jambo la kuchekwa, au waliona wote.

Tuliondoka kabla mwezi haujaisha. Watoto wakubwa walibaki, ni wa ukoo. Mdogo, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya usiku, waliruhusu dada aende naye mpaka akue. Tulishuka kwa miguu kuelekea Arusha, mtoto mgongoni kwa mama yake, mimi na sufuria na mkeka. Nilianza kusimulia habari za mjini, kwamba taa za barabarani ni kali mpaka kuku hutaga mara mbili kwa siku. Dada alitembea mbele bila kugeuka.

"Wakubwa wamekula asubuhi hii?" aliuliza baadaye.

Nikasema ndiyo, wameshiba, kila mmoja amekula sahani kama mlima. Mimi ni hodari wa kutia chumvi, lakini hiyo haikukolea. Alijua hakukuwa na unga ndani ya nyumba ile.