Siku Tuliyokwepa Geti

Kwenye timu yetu ya Temeke mie nilikuwa mtunza vifaa: jezi, mipira, koni, ndoo ya maji. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa. Nyingine haikuandikwa popote, nilikuwa kwenye kamati ya ufundi. Asiyeujua mpira wetu akisikia kamati ya ufundi anadhani ni watu wa kuchora mishale ubaoni. Wapi. Ni wale wazee wa timu wanaokwenda kwa mganga, wanaokagua uwanja kabla ya mechi na kuamua wachezaji waingilie wapi. Tulikuwa watatu, na wa kukagua ndio mie, maana wenzangu walisema nina macho.

Tulikuwa daraja la kwanza. Usidanganyike na jina, hilo la kwanza ni la pili. Juu yake kuna ligi kuu, na huko ligi kuu kuna zile timu kubwa ambazo hata nisipozitaja unazijua. Nilipokuwa kijana, timu ya daraja letu ilikuwa inaweza kukutana na kubwa na kuifunga, mtaa ukashangilia, kesho yake watu wakaenda kazini. Wachezaji wao walikulaga ugali uleule tuliokula sie. Siku hizi wana basi lenye kiyoyozi, mpishi wao, daktari wao, na mtu wa kukanda misuli aliyetoka nje ya nchi. Sie tulikuwa na barafu. Tulizichukua kwa jirani yangu mwenye friza, na zile za maji zikiisha tulichukua za ukwaju anazowauzia watoto. Mchezaji akiumia, goti lake linanukia ukwaju mpaka jioni. Tulikuwa tunacheka. Sasa hivi nikikumbuka sicheki.

Mwaka huo kombe likatukutanisha na mojawapo ya hao wakubwa. Mechi ilikuwa inaonyeshwa kwenye televisheni, moja kwa moja, na kwa winga wetu wa kulia hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, ana mbio za kukera, na hakuna mtu wa maana aliyewahi kumwona akicheza. Wiki nzima alikuwa ananiambia, "Mzee, nipe dakika tisini tu, wanione." Hakuomba kingine.

Asubuhi ya mechi nikatumwa kukagua geti la uwanja. Nikakuta pamelowa. Maji yamemwagwa pale wanapopita wachezaji, yana povu kidogo, basi. Pembeni kuna ndoo na fagio la mlinzi. Niliviona vyote viwili, ndoo na fagio, nisijifanye sikuviona. Lakini ningerudije kwa wenzangu na kuwaambia hakuna kitu? Ningekuwa nimetumwa kufanya nini? Na kusema kweli nilikuwa naogopa. Nilijua tutafungwa, nikataka pawe na sababu ambayo sie tunaiweza.

Nikarudi nikasema, "Getini pamechezewa, wamemwaga dawa."

Neno hilo likishasemwa halijadiliwi. Hata kocha, mtu aliyesoma, alibeba begi lake akatufuata. Basi tukazunguka nyuma ya uwanja, upande wa vyoo, wachezaji wakaanza kuruka ukuta mmoja mmoja na viatu vyao shingoni. Winga alikuwa wa nne. Mie nilikuwa nimeshatangulia ndani, napokea mabegi. Akatua na mguu wa kulia juu ya kipande cha tofali kilichofichwa na majani, na goti likalia. Nasema likalia kwa sababu nililisikia. Naendelea kulisikia. Naweza kuwa nakunywa chai, mtu akavunja kuni uani, nikasimama.

Hakucheza hata dakika moja. Alilala kwenye benchi na barafu gotini, akiangalia wenzake wakifungwa sita, na kila kamera iliyopita karibu yake alikuwa anageuza uso.

Hospitali wakasema mshipa wa ndani ya goti umekatika, anahitaji upasuaji ambao timu yetu haikuweza hata kuuota. Msimu uleule mshambuliaji wa ile timu kubwa alikatika mshipa huohuo. Wakampandisha ndege. Tulimwona kwenye simu zetu akiinua vyuma akiwa huko, kisha tukamwona amerudi, anafunga magoli. Wa kwetu alipelekwa kwa mtu wa kuunga mifupa, akachuliwa na mafuta, akatoka anachechemea. Anachechemea hadi leo.

Mie niliacha mpira. Nikapata kazi Kurasini, kwenye yadi ya makontena, na huko ndiko nilikokutana na dereva mmoja wa lori. Katika kuzungumza nikagundua kwamba enzi zile alikuwa mtunza vifaa mwenzangu, ila wa upande wa pili, wa hao wakubwa. Nilikaa na swali langu siku tatu, kisha nikamuuliza. Siku ile getini mliweka nini?

Alinitazama kama hajanielewa, halafu akacheka mpaka akashika tairi. "Mzee wangu, tuweke nini? Kwenye basi kocha alikuwa anauliza leo tunacheza na nani. Hakuna aliyekumbuka jina lenu. Ikabidi daktari aangalie kwenye simu."

Nilitamani angeniambia walifukia mbuzi mzima.

Jumapili iliyofuata nikaenda Bunju, ambako winga wetu ana saluni ya kunyoa. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, ndoo, fagio, na maneno ya yule dereva. Njia nzima nilikuwa nayapanga.

Nilipoingia alikuwa anamnyoa mteja huku ameegemeza kiuno kwenye kaunta, kuupumzisha mguu. "Shikamoo mzee," akasema, na uso wake ukachangamka kweli. Akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Nyie si mnasema naongopa? Huyu hapa ndiye aliyeiona ile dawa kwa macho yake. Mzee, waambie. Timu nzima ile, na mabasi yao, walikuwa wanamwogopa nani?"

Mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma hewani. Watu watano wakanitazama, na yeye akanitazama, anangoja.

"Wewe," nikasema. "Walikuwa wanakuogopa wewe. Jina lako walikuwa wanalijua wote."

"Si mmesikia," akawaambia, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.