Bangili za Mama na Picha ya Mguu

Mguu wa kushoto wa mama ulivimba mwaka hadi mwaka, mpaka hakuna kiatu kilichomwingia. Hapa Dirma tuliuita matende, tukaukanda kwa maji ya chumvi, tukasema utapungua. Wapi! Mama hakulalamikia mguu, alilalamikia ng'ombe wake mwekundu, kwa sababu hakuweza tena kuchuchumaa amkamue. Nikawa nakamua mimi, naye anasimama kichwani pa ng'ombe akimtingishia bangili zake, la sivyo yule ng'ombe alizuia maziwa. Kila jioni ananisema kwamba nakamua kama mtu anayeiba.

Tukasikia kuna hospitali kubwa mjini wanakounganisha vijishipa vya maji ya mwili na mishipa ya damu, na uvimbe unapungua. Ila kwanza wapige picha ya MRI, waone kama vijishipa vyenyewe bado vinapitisha maji. Nikampeleka.

Kijana wa mashine alimwamkia vizuri tu. "Shikamoo, bibi. Hizo bangili tuzivue, mashine hii ni sumaku, hata shaba hupata moto ndani yake."

Jamani! Bangili za shaba, kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Alivishwa na mama yake kabla ya kuolewa, mkono ukiwa bado mwembamba. Tulijaribu sabuni, hazikusogea. Akaitwa fundi wa hospitali na msumeno wa chuma.

Mama akaniuliza kwa lugha yetu, "Ni lazima?"

"Unataka kukamua au hutaki?" nikamjibu kwa ukali, maana njaa ilikuwa imenishika.

Akanyoosha mkono. Kila bangili ilipokatika alifumba macho. Kisha wakamchoma dawa katikati ya vidole vya miguu, ile ya kufanya vijishipa vionekane, wakamwingiza kwenye mashine.

Daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Kwenye mguu mzima, vistari vyembamba vilipanda kutoka wayo hadi paja. Kwenye ule mbovu dawa ilikuwa imesambaa tu chini ya ngozi, kama maziwa yaliyomwagika. Akasema hakuna cha kuunganisha, labda kama tungekuja mapema. Hilo neno mapema nalichukia mpaka leo. Nani alikuwa ametuambia?

Tukarudi na bandeji za kufunga mguu, na vipande vya shaba kwenye pindo la kanga yake. Fundi wa kuchomelea pale Katesh, njiani, alisema anaweza kuviunga. Mama akakataa.

"Aliyenivisha amekufa," alisema.

Jioni ile nikakaa kukamua. Mama akasimama kichwani kama kawaida yake, akatingisha mkono. Kimya. Nilivuta chuchu mpaka vidole vikaniuma, kibuyu kikabaki kitupu. Ng'ombe akageuza shingo, akawa anatazama huku na huku, anamtafuta.

Mama akatingisha tena ule mkono mtupu. "Ni mimi," akamwambia. "Tulia, ni mimi."