Wakati Uliopita wa Somoe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ualimu wangu, mwanangu, ilikuwa kule Mahurunga, msimu wa korosho ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza. Asubuhi hii umeniletea hapa Chuno andalio lako la somo nilitazame, na nimelitazama. Nomino umeziweka mahali pake, vitenzi mahali pake, na vivumishi hukuvichanganya na vielezi kama tulivyovichanganya sisi. Ni kazi safi. Lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba kesho utafundisha nyakati za Kiingereza, nilivua miwani, hata chai yako ikapoa bila mimi kukukaribisha. Unisamehe. Nilikuwa mbali.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa Mikindani, cheti changu bado kinanukia wino. Nilichora nyakati zote kwenye karatasi ya manila, uliopo, uliopita na ujao, nikaibandika ukutani, na ole wake atakayezichanganya. Kalamu yangu nyekundu haikupumzika. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nilikuwa nimeshiba majina ya sarufi mpaka nawacheulia watoto wa watu.

Siku hiyo niliwapa darasa la sita insha fupi ya kuieleza familia. Ubaoni niliandika mfano: "My father is a farmer. My mother is a farmer." Nikawaambia kwamba anayeieleza familia yake hutumia wakati uliopo, basi, hakuna mjadala. Wakaandika. Niliposahihisha nikafika kwa Somoe, binti mpole wa dawati la nyuma. Baba yake kamwandikia "is", bibi yake kamwandikia "is", ila mama yake kamwandikia "was", yaani alikuwa. Nikaikata kwa mstari mwekundu. Kisha, kwa kuwa nilipenda wote wajifunze kwa kosa la mmoja, nikamwita mbele aisome sentensi yake kama nilivyoirekebisha.

Alisimama akanong'ona, "Mwalimu, ya mama ni hiyo hiyo niliyoandika."

"Sarufi haina ya mama wala ya baba," nikamjibu. "Soma."

Akasoma. Sauti haikutoka sawasawa, nikamrudisha. Akasoma mara ya pili, na ya tatu. Darasa zima lilitazama chini, wala hakuna aliyekohoa. Mimi nikadhani ile ni nidhamu.

Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Siku ya tatu akaja bibi yake, mzaa mama, daftari kalifunga kwenye pindo la kanga. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida, na kiti alikikataa. Akalifungua lile daftari, akaliweka mbele yangu.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Ntoto anasema Kizungu chako kimesema mamake yupo. Nimekuja unioneshe alipo, nikamwite. Mihogo yake inaoza shambani."

Nilimtazama nisielewe. Ndipo akanieleza kwamba mama yake Somoe alifariki kwa uzazi wakati wa likizo, na kijiji kizima kilimzika. Mimi nilikuwa nimekwenda kwetu. Na wiki ile shule ilipofunguliwa, Somoe asionekane, nilimwandikia utoro kwenye daftari la mahudhurio. Kwa mkono wangu huu.

"Ulikuwa kwenu, hilo tunalijua," bibi akaendelea. "Lakini ulirudi. Mtu akirudi safari huuliza hapa nani hayupo, akaenda kuhani. Wewe miezi miwili hujauliza. Maneno umesoma mengi, mwalimu. Hili la pole hukufundishwa?"

Nililitazama lile neno nililolikata. Watoto arobaini na kitu walinakili mfano wangu ubaoni, na mmoja tu ndiye aliyeijua maana ya wakati uliopita, na huyo ndiye niliyemtia makosani. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Jioni ile nilikwenda kwao, nikakaa kwenye mkeka, nikatoa pole iliyochelewa. Walinipokea vizuri, na kule kupokewa vizuri kuliniumiza zaidi.

Somoe alirudi shuleni Jumatatu. Lakini tangu hapo, mwanangu, hakuliandika tena lile neno. Kila kitu kwake kikawa "is". Jana "is", mwaka juzi "is". Nilimbembeleza, nilimweleza upya. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," akainama, akaandika "is". Mtihani wa darasa la saba, Kiingereza kilimwangusha, na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Watu wakasema binti hana kichwa. Mimi niliyejua ukweli nikanyamaza, na hilo linanisuta kuliko ule mstari mwekundu.

Mwaka jana tulikutana Mtawanya kwenye hitima. Naye sasa ana mvi. Nikamvuta pembeni, nikamwomba msamaha, miaka yote hiyo baadaye. Majuto ni mjukuu. Nilitegemea aniambie yaliyopita si ndwele, kama watu wanavyosema. Alinishika mkono tu akasema, "Yamepita, mwalimu."

Wewe ni mwalimu wa lugha, lisikilize vizuri neno hilo. Hakusema yalipita. Tukisema mtu amekaa, bado yuko kitini. Tukisema amechoka, uchovu bado anao. Vitabu huiita hali timilifu: jambo limekwisha, lakini alama yake ingalipo.

Basi mwanangu, nenda kawafundishe nyakati, na uzifundishe vizuri, maana mtoto anazihitaji. Lakini kabla hujalikata neno lake, muulize kwa nini kaliandika. Kuuliza si ujinga, hata kwa mwalimu mbele ya mwanafunzi. Ukirudi likizo, usianze na mahudhurio. Anza na kuuliza nani hayupo kijijini, kisha vaa kanga yako uende. Na ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, mbele ya darasa lile lile, usingoje mvi kama mimi.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto kabla ya kosa lake. Na siku mtoto atakapomwandikia mama yake "was", Mungu auzuie mkono wako, kalamu uilaze mezani, na neno la kwanza kukutoka liwe pole.